Chuma inang'aa, bulo imeisha: ginsi ya kutosha na kurudisha vyuma vya mashua

Wandugu wa chama, mwezi wa tano umeingia, mvua imekatika, na wenye mashua za starehe wanaanza kupigia mafundi simu. Kuna mashua zenye kulala ku ziwa Tshangalele ngambo ya Likasi, kuna za Nzilo karibu na Kolwezi, na kuna zenye kukaa hapa hapa Lubumbashi mu parsele, juu ya remorke, chini ya bashi, zikingojea siku ya yenga. Ombi ni lile lile kila mwaka: "Munisafishie bile byuma, bing'ae." Wengi kati yetu tumekwisha kukamata ile kazi ao tutaikamata, juu licence ya agronomie hailishi nyumba kila mwezi. Tena mashua zile zile njo tunapandaka wakati wa kwenda kuchota mayi ya kupima ao kuangalia vizimba vya samaki. Naandika basi ginsi kazi inaendaka, kwa yule mwenye ataifanya msimu huu.

Mwenye mashua anaangalia juu. Fundi anapaswa kuangalia chini. Ile take ya kufungia kamba, ile bomba yenye mutoto anashika wakati mashua inaruka juu ya mawimbi, zote zinashikiliwa na bulo mbili ao nne zenye hakuna mutu anaziona. Ukipolisha bila kutosha, umeremba tu. Njo maana kazi hii inaanza na turnevisi, brosi inakuja nyuma.

Mbele ya kugusa visi hata moja, ujue ni metali gani iko mbele yako. Sumaku ndogo inatosha kwa kuanza. Chuma ya kawaida inashika sumaku, hata ikiwa imefunikwa na zinki. Inoksi nzuri haishiki, ao inashika kidogo tu fasi yenye ilikunjwa. Shaba, laitoni, bronzi na alimini hazishiki hata kidogo. Alimini utaijua kwa uzito, ni nyepesi karibu mara tatu kupita chuma. Inabakia kutenganisha laitoni na bronzi, na hapo wengi wanakosea: kwangula kidogo kwa ncha ya kisu, upande wenye hauonekani. Laitoni inatoka njano ya wazi, bronzi inaelekea kahawia nyekundu.

Ile tofauti haiko ya masomo tu. Laitoni ni shaba na zinki, bronzi ya zamani ni shaba na bati. Laitoni yenye kulala mu mayi miaka mingi inapoteza zinki yake polepole. Shaba inabakia peke yake, na vitundu vidogo vidogo ndani sawa sponji. Umbo halibadiliki. Visi inaonekana nzima, mais ukiikwangula unakuta rangi ya waridi fasi ya njano, na ukiigonga kidogo inavunjika sawa biskuti. Robine ya laitoni yenye iko chini ya mustari wa mayi, ikisha kuonyesha ile rangi, haina dawa. Iende kwa wa mitraye, na mwenye mashua anunue ya bronzi.

Inoksi nayo ina uongo wake. Watu wanasemaka haishike kutu. Ukweli ni kwamba kromu yenye iko ndani inatengeneza ngozi nyembamba sana ikikutana na hewa, na ile ngozi njo inachunga chuma. Chini ya take, mu mastiki yenye kulowana miaka, hewa haiingie. Ngozi inakufa, na bulo inaliwa ku shingo. Kichwa kinabakia kinang'aa sawa siku ya kwanza. Kwa hiyo madoadoa ya kahawia juu ya bomba hayanitishe, ni uchafu wa juu. Chenye kinanitisha ni mustari mwembamba wa kahawia wenye kutoka chini ya take na kushuka ku jelikoti. Ule mustari unakuambia kuna kitu kinakufa ndani. Kuna pia inoksi mbili zenye utakutana nazo, 304 na 316. Ya pili imeongezewa molibdeni, inavumilia chumvi zaidi. Sumaku haitazitenganisha. Angalia alama ku kichwa cha bulo: A2 ni ndugu ya 304, A4 ni ndugu ya 316. Bulo yenye haina alama, usiamini maneno ya muuzishaji, uihesabu kuwa A2, ao chini yake.

Sasa kwa nini vyuma vinaoza kwa kasi fasi moja na vinapona fasi ingine? Kamata metali mbili tofauti, zigusane, zilowane: umetengeneza batri. Ile dhaifu inaliwa, ile yenye nguvu inabakia. Toka dhaifu kwenda yenye nguvu, mupango ni hivi: magneziumu, zinki, alimini, chuma, kisha laitoni, bronzi na shaba, na mwishoni inoksi yenye ngozi yake nzima. Kwa mutoto wa Katanga hii haiko ya ajabu. Ku Shituru, kule Likasi, wanatosha shaba mu asidi kwa nguvu ya kurani. Mashua yako inafanya ile kazi upande wa nyuma, bila SNEL: metali inaingia mu mayi na kurani inatoka.

Ukubwa nao unahesabu, na hii mafundi wengi hawaiangalie. Visi ndogo ya zinki mu sahani kubwa ya bronzi itaisha upesi, juu kidogo kinalishwa kwa kikubwa. Ukigeuza, visi ndogo ya bronzi mu sahani kubwa ya chuma, chuma inaoza ndiyo, lakini uharibifu umetawanyika, unaenda polepole. Kwa hiyo ukikosa kabisa bulo ya metali sawa na take, chagua yenye nguvu kupita take, usichague yenye udhaifu. Bulo ya chuma ya soko yenye kupakwa zinki kidogo, kuiweka ku take ya bronzi ni kumutegea mwenye mashua mutego.

Mutu atasema: "Hiyo ni mambo ya bahari, sisi tuko na mayi matamu." Ni kweli mayi matamu inapitisha kurani kidogo kupita bahari, na kazi inaenda polepole. Mais angalia ziwa letu. Tshangalele ilizaliwa na barrage ya Mwadingusha, 1930, wakati Union Minière ilitaka kurani kwa viwanda vyake. Na muto Panda, wenye kupita Likasi, unamwanga mu Lufira mabaki ya viwanda vya pale. Mayi yenye kubeba sulfate inapitisha kurani muzuri kupita mayi ya mvua. Sisi wa agronomie tunazoea kuhesabu shaba na kobalti mu matope na mu samaki. Mufundi wa mashua anapaswa kukumbuka kwamba mayi ile ile iko inagusa vyuma vyake.

Hapo kuna neno ya anodi, ile kipande cha metali dhaifu chenye kufungwa ku motere ili kiliwe yeye fasi ya vingine. Wanauzishaka ya zinki, juu ulimwengu wote unafikiri bahari. Mu mayi matamu zinki inajifunika ngozi ngumu na kulala usingizi. Unaikuta nzima kisha miaka mbili na unafurahi, wakati kumbe haijafanya kazi hata siku moja. Kwa ziwa zetu inafaa magneziumu. Ni kichekesho kidogo kwa sisi wa hapa: Kipushi iko kilometre 30 hivi toka mjini, mugodi wake ulifungwa 1993 na ukaanza tena kutoa zinki 2024, na ile zinki haitakusaidia ku Tshangalele.

Bon, kutosha. Piga foto ya kila chuma mbele ya kuigusa, upande wa juu na wa chini. Kila kimoja mu sachet yake na visi zake, na karatasi yenye jina: "take ya mbele kushoto". Fundi mwenye anaweka yote mu ndoo moja atapoteza siku mbili wakati wa kurudisha, na visi ndefu itaingia fasi ya fupi na kutoboka ngambo ingine.

Mangaribi ya mbele, mwanga mafuta ya kupenya ku kila ekuru na ku kila visi, uache usiku mzima. Asubui, safisha kwanza mufereji wa kichwa cha visi kwa ncha ya musumari, juu turnevisi yenye haiingii mpaka chini njo inaharibu visi, kutu hapana. Chagua turnevisi yenye kujaza mufereji wote. Kisha jambo lenye linashangaza wanafunzi: kaza kidogo kwanza, upana wa unywele, mbele ya kulegeza. Ile kukaza inavunja kutu. Ikikataa, usiongeze nguvu, ongeza moto: ncha ya fer ya kusudea ikaliwe juu ya kichwa cha visi dakika mbili tatu, joto lishuke ndani, lilainishe mastiki na mafuta yapenye. Shalimo usiilete ku mashua ya fibri. Rezini itaungua, na kuna esansi karibu.

Visi ya inoksi yenye kuingia mu alimini ni adui mukubwa kupita zote. Alimini imetoa unga mweupe, ule unga umejaza mu meno, visi imekuwa sawa imesudewa. Hapo ni uvumilivu: mafuta, joto, turnevisi ya kugonga kwa nyundo, mafuta tena, kesho tena. Ikikatika, utoboe katikati na perseze, kuanza na foreti ndogo. Kwa visi ya laitoni mu mbao, hata usiilazimishe. Zimekwisha kuzeeka, zinakatika shingo na kubakisha muguu ndani.

Wakati bulo zote zimetoka na take bado inakatala kuachana na mashua, ni mastiki inaikamata. Usiitie barre ya chuma chini na kuikwanyula, jelikoti itapasuka sawa yai. Pitisha kisu chembamba, ao waya wa gitare, uende kushoto kuume. Ukipaswa kukwanyula kidogo, weka kipande cha palanga chini ya barre.

Na sasa kazi ya kweli inaanza: kuangalia tundu. Mashua nyingi za fibri zina kontreplake katikati ya ngozi mbili. Mastiki ikisha kuchoka, mayi inaingia kwa tundu la bulo na kukaa mule miaka. Ingiza kidole ao musumari wenye kukunjwa. Ikitoka kavu na ngumu, mushukuru Mungu. Ikitoka na unga mweusi wenye kunuka sawa majani ya kuoza, take yako ilikuwa inashikwa na ngozi ya fibri peke yake.

Mwaka mumoja, mimi na muzee mumoja fundi, tulipewa mashua ya mita tano na nusu. Mwenyewe alitaka tu bomba za pembeni zing'ae, juu jamaa yake ilikuwa inakuja ku siku ya posho na wajukuu. Bomba zilikuwa za inoksi, muzuri, zenye doa kidogo. Muzee akasema tutoshe moja, tuone. Bulo ya kwanza ilitoka na kichwa chake tu. Muguu ulikuwa umeliwa mpaka kubakia wembamba wa kijiti cha alumeti, na ulikatika kwa mukono, bila kle. Ya pili vile vile. Mwenye mashua akakasirika. "Mimi niliomba kusafisha, sikuomba kubomoa. Murudishe vile ilikuwa, batoto banakuja." Muzee hakubishana. Alimupa zile bulo mu mukono, akamuambia: "Papa, wajukuu wako wako na miaka ngapi?" Yule mubaba alizungusha bulo mu vidole muda murefu. Mashua haikutoka ile siku ya posho, na tulilipwa kazi ya wiki mbili fasi ya siku moja. Hii njo sababu nasema kutosha kwanza. Kama mwenye mashua hataki mutoshe, mumuandikie mu karatasi kwamba hamukuangalia bulo, na atie saini. Wengi wakiona karatasi wanabadilisha mawazo.

Kontreplake yenye kuoza unaichimba kuzunguka tundu kwa musumari wenye kukunjwa kufungwa ku perseze, unaikausha siku kadhaa, unajaza na epoksi, kisha unatoboa tena katikati ya epoksi. Bulo haitagusa mbao tena. Angalisho moja ya hapa kwetu: mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi unashuka chini ya digri 10, na epoksi ya baridi inachelewa kuganda, ingine haigandi muzuri kabisa. Changanya saa nne za asubui, jua likiwa na nguvu, na ufunike na bashi mbele ya mangaribi.

Sasa kusafisha. Kila metali na dawa yake, na dawa ya mumoja ni sumu ya mwenzake.

Inoksi: sabuni, mayi ya moto, kisha asidi ya ndimu. Ile ya unga, gramu 50 mpaka 100 mu litre ya mayi, inatosha kutosha kutu ya juu na kusaidia ngozi ya kromu ijirudishe. Mayi ya ndimu ya soko iko na karibu asilimia 5 ya ile asidi, kwa vitu vidogo inaenda. Tambara yenye kulowana juu ya bomba saa moja ao mbili, kisha kuosha na mayi mingi. Brosi ya chuma, hapana kabisa: inaacha vumbi ya chuma mu ngozi ya inoksi, na kisha wiki mbili unaona kutu mupya, na mwenye mashua anasema umemuuzishia kazi mubaya. Javeli hapana pia, wala asidi ya kusafishia WC, juu klori njo adui wa ile ngozi. Kwa kung'arisha, papye veri 400, 600, 1000, kila mara ukibadilisha upande wa kusugua, mwisho pate ya kupolisha na tambara ya pamba.

Laitoni na bronzi: vinegre ya moto, dakika kumi, brosi ya meno, osha. Wengine wanaongeza chumvi, inaenda upesi, lakini ukichelewa kuosha inaanza kula. Hapo nitasema mawazo yangu, hata kama wateja hawapendi: bronzi usiipolishe mpaka iwe sawa kioo. Ile rangi ya kahawia yenye inapata na miaka inaichunga. Toa uchafu, toa kijani, pakaa nta, uache. Kuna wenye wanapaka vernisi juu ya laitoni. Inang'aa miezi sita, kisha inapasuka fasi moja, mayi inaingia chini, na unabakia na madoa ya kijani yenye hayatoki mpaka utoshe vernisi yote.

Vyuma vya zamani vyenye kromu, vile vya wakati wa Wabelji vyenye bado vinazunguka ku mitraye, mara mingi ni laitoni ao bronzi ndani. Ukiona kromu inaachia na chini yake kunatoka kijani, ujue hivyo. Usisugue kromu na mashini ya diski, ile vumbi haina faida mu mapafu. Safisha, weka nta, na ukubali rangi mbili.

Chuma yenye kutu mingi, kwa mufano nanga ndogo ao sharniere za sanduku, naipenda kuifanyia elektrolizi juu haili chuma nzima. Ndoo ya plastiki, mayi, kijiko kikubwa cha karbonate ya sodiumu kwa kila litre (ile wanauzisha kwa kupandisha pH ya pisini, soude kali ya kupika sabuni ni kitu kingine, usichanganye). Chuma yako ku waya hasi wa sharjeri ya batri, kipande cha chuma ya bure ku waya chanya, visigusane. Vitundu vya hewa vinapanda, kutu inalegea, asubui unaipangusa na brosi. Delestaji ikikuja katikati, hakuna shida, itaendelea kurani ikirudi. Mambo mawili ya kuheshimu: fanya inje, juu ile hewa yenye kupanda ina idrojeni na inashika moto, na kipande cha bure kisiwe inoksi hata siku moja, juu inatoa kromu ya sumu mu mayi. Alimini usiiingize mule, itaharibika. Ikitoka, osha, kausha juani, na upake saa ile ile, juu chuma mutupu inaanza kutu mbele hujamaliza kunywa chai.

Juu ya chuma, rangi ya kwanza yenye zinki mingi, kisha epoksi, kisha ya mwisho. Alimini inaomba haraka ingine: papye veri, kupangusa na asetoni, na apre ya epoksi mu saa chache, juu oksidi inarudi na rangi haitashika. Rangi ya poliyuretani ya vipande viwili, pakaa na brosi. Kuipuliza na pistole bila maske ya kweli ni kujitafutia ugonjwa wa pumzi, na kitambaa ku pua si maske.

Neno kwa wa sude. Chuma yenye kufunikwa na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na mangaribi fundi anatetemeka sawa mwenye malaria. Wanakunywaka maziwa, wakisema yanaosha. Maziwa yanaenda ku tumbo, moshi ulienda ku mapafu. Kwanza toa zinki fasi ya kusude, simama upande upepo unatoka.

Mafuta nayo yasizarauliwe. Mu 1916, ku ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha wenyewe masuwa yao Graf von Goetzen ili isikamatwe, lakini mbele ya kuizamisha walipaka motere grisi nzito. Ilipandishwa 1924, na 1927 ilirudi ku kazi kwa jina Liemba. Miaka mingi chini ya mayi, na zile motere zilitumika tena. Kwa hiyo visi yenye unarudisha mu alimini, ipake grisi ya kuzuia kushikamana, lakini isiwe ile yenye shaba ndani: ukiipaka ku alimini umeleta ile batri tena.

Uchafu wa kazi, sisi hatuna ruhusa ya kuutupa ovyo, na nadhani hapa njo tofauti kati yetu na wengine. Tandika bashi chini mbele ya kusugua, juu vumbi ya bronzi ni shaba. Shaba yenye inaua kuvu ku nyanya mu bouillie bordelaise njo ile ile inaua mimea midogo ya ziwa yenye samaki wanakula. Vinegre yenye imekuwa ya buluu usiimwange ku mufereji. Tia chokaa polepole mpaka karatasi ya pH inaonyesha 8 ao 9, shaba itashuka chini sawa uji wa kijani. Wenye walitumika Penga Penga wanajua ile hesabu: chokaa inapandisha pH, shaba inafungwa. Mais usiichanganye na ile ya ndimu, juu asidi ya ndimu inakumbatia shaba na kuizuia kushuka. Uji ukikauka, uweke mu kopo na uipeleke pamoja na mitraye.

Kurudisha. Silikoni ya madirisha usiitumie: inaacha mafuta yenye hayatoki, na mastiki ya kesho haitashika. Poliyuretani ni nguvu sana, kwa kitu chenye hutatosha tena. Kwa take na bomba, kanda ya butili inanitosha, inabakia laini miaka mingi. Panua kidogo mudomo wa tundu, ili mastiki ikae sawa pete kuzunguka bulo. Chini weka sahani ya kutosha, ya alimini nene ao ya kontreplake yenye kufunikwa epoksi, isiwe rondeli ndogo peke yake. Metali zikiwa tofauti, tia rondeli ya plastiki katikati. Mutu mumoja ashike kichwa cha bulo juu kisizunguke, mwingine akaze ekuru chini, juu bulo yenye kuzunguka inavunja mastiki. Kaza mpaka mastiki inatoka kidogo pembeni, uache mpaka kesho, kaza tena kidogo. Kisha mwaga mayi na tiyo juu ya kila take dakika tano, na ndani upitishe karatasi ya WC chini ya ekuru. Karatasi ikilowana, utoshe tena ile moja.

Kisha mashua kutoka mara ya kwanza, rudi na kle, ukaze zenye zililegea, juu kilometre 120 za barabara ya Likasi juu ya remorke zinatikisa bulo kupita ziwa lenyewe. Hii safari ya pili muihesabu mu bei toka mwanzo, mwenye mashua akilia ao asilie.